Karim na ngoma yangu

Nyasubi, Jumatano, 1985

Na hilo usiliruke, Kabula mjukuu wangu, andika kama ninavyosema: mwimbaji wa kwenye kaseti analia kama ndama aliyevimba tumbo.

Leo Mama Karim wa duka la vitenge kaniita nisikilize kaseti kutoka Uingereza. Karim tulimsindikiza akasomee ufamasia. Kumbe anapiga ngoma kwenye bendi na Wazungu watatu! Barua inasema walianzia gereji, wakahamia baa, sasa wametoa santuri na redio zinaipiga. Picha nayo imo. Suruali zimechanika magotini, na huko ndiko mitumba inakotoka!

"Baba yake anataka arudi akae dukani," Mama Karim analia. "Nani kamfundisha mwanangu ngoma, Mama Masanja?"

"Labda Wazungu," nikasema.

Uongo. Ni mimi. Utotoni, akitumwa chumvi alikuwa anapitia kwangu, tunaipasha ngozi ya ngoma motoni, namwambia mpigaji hamtazami mwimbaji, anatazama miguu ya wachezaji. Naogopa. Mama Karim akinichukia, nitapiga soga na nani? Na mbuzi?

Basi kaseti ikaendelea. Wimbo wa tatu, Karim akapiga mdundo wetu wa mavuno, wenyewe kabisa. Mdomo niliufunga vizuri tu. Lakini miguu yangu, mijinga hii, ikaanza kucheza chini ya stuli.

Mama Karim akaitazama miguu. Akazima redio.

"Kumbe!"

Nikainamisha kichwa. Yeye akafuta machozi, akairudisha kaseti nyuma, akasema, "Inuka basi, unioneshe."