Panya Wamenisuta

Kilifi, Alhamisi, 1987

Panya wamenisuta leo. Maabarani tuliwapa dawa ya kutuliza wazimu wiki kadhaa, kisha tukaikata ghafla. Vipokezi vya ubongo, vile ambavyo dawa huviziba, vimeongezeka, na sasa wanahangaika kuliko mwanzo.

"Dawa hii hupunguzwa polepole," mkubwa wa maabara akaniambia, kama anayefundisha mtoto.

Mwezi uliopita Mama aliniuliza kama kaka yangu Athmani aache vidonge vyake vya wazimu, anywe kombe la mwalimu mganga siku saba, zile aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Eti mwalimu kasema viwili havichanganywi.

Nikamjibu, "Na aviache, Mama. Hapana neno." Mimi, msomi wa nyumba!

Athmani akaviacha siku ile ile; sasa tumemfungia chumbani kwa kufuli. Kutwa Mama anamlaani mwalimu, nami namwitikia.