Filimbi ya Pili

Jumapili, jioni. Mawingu tangu asubuhi, na ile baridi ya Ruiru inayoingia hadi ndani ya soksi. Nguo nilizofua Ijumaa bado ziko kwenye kamba na bado zina maji. Nimekunywa chai mpaka tumbo limechoka, lakini mikono haijapata joto.

Sijalala vizuri tangu Alhamisi.

Alhamisi alfajiri nilitoka nyumbani hapa Mugutha kama kawaida, ndoo ya mandazi mkono huu, chupa ya chai mkono ule, nikielekea kwenye mjengo ninakouzia mafundi. Nilipita njia ya mkato, katika lile shamba la kahawa lililokatwa ploti. Mtu alinitokea nyuma, akanikaba shingo na kuanza kunipekua akitafuta simu. Nikaangusha kila kitu nikamuuma mkono. Nilimuuma kwa nguvu zangu zote mpaka akaniachilia. Hilo la kuuma halinisumbui hata kidogo. Ningemuuma tena leo.

Linalonisumbua ni filimbi.

Wezi walipozidi hapa kwetu, Baba Njoro, mwenyekiti wetu wa nyumba kumi, aliitisha mkutano na kila nyumba ikanunua filimbi. Makubaliano yalikuwa mafupi: ukisikia filimbi, toka na ulicho nacho. Hakuna kuuliza maswali. Tulipiga makofi tukaenda nyumbani tukijiona wajanja sana.

Basi nikapuliza. Lakini yule mtu alikuwa ameshaniachilia. Alikuwa anakimbia, na simu yangu ilikuwa bado mfukoni. Nilijua hivyo. Nilipuliza hata hivyo kwa sababu shingo ilikuwa inauma na nilikuwa na hasira.

Milango ikaanza kufunguka kila upande. Walipomshika nilifurahi. Rungu la kwanza lilipomshukia nilifurahi pia, na kama ningekuwa karibu labda ningeongeza langu. Naandika haya hapa kwa sababu kanisani siwezi kuyasema.

Kisha hawakuacha. Alikuwa chini, kiatu kimoja kimemtoka, amejifunika kichwa kwa mikono. Akaniona nimesogea, nimesimama pale. Akaniita kama mtu anayemwita mamake.

"Mathe, waambie waache."

Kati ya watu wote waliokuwa pale, yeye ndiye aliyefikiri mimi naweza kulisimamisha lile jambo. Nikasema inatosha. Nikasema jamani, basi. Koo lilikuwa limekabwa muda mfupi tu uliopita na sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Hakuna aliyegeuka. Nikafanya kitu ambacho wakati ule nilikiona ni cha akili kabisa. Nikapuliza filimbi tena, kwa nguvu, ili wanisikilize.

Wakaja wengine.

Walikuwa wa ploti za nyuma, ambao hawakuwa wameisikia ile ya kwanza. Mmoja alikuja na jembe. Hawakuuliza lolote, maana ndivyo tulivyokubaliana, na wao ndio waliompiga vibaya zaidi. Nilikuwa bado nina filimbi mdomoni. Gari la polisi lilipofika kumchukua, hakuwa anasema kitu tena.

Sote tulijua jinsi ya kuita watu. Kuwaambia waache, hilo hatukuwahi kulizungumzia.

Leo kanisani nimeshikwa mkono na watu hata nisiowajua. Baba Njoro alinisubiri mlangoni. "Mama Ciru, hiyo ulifanya poa sana. Na vile ulipuliza mara ya pili, hapo ndio watu walijua ni serious." Nikatabasamu. Kwa kweli nilitabasamu, na mpaka sasa nalisikia lile tabasamu usoni kama sabuni ambayo haijasuuzwa.

Badala ya kurudi nyumbani nilienda Thika. Nasikia amelazwa huko, bado hajazinduka. Nilinunua maziwa na mkate nikafika hadi kwenye geti la hospitali, na askari wa geti akaniuliza, "Unakuja kuona nani, mama?" Sijui jina lake. Nilimuuma mtu, nikamwitia watu mara mbili, na jina lake silijui. Nikasema nimekosea mahali, nikarudi na maziwa yangu. Yako hapa mezani.

Nimejiuliza siku nzima kujitetea kunaishia wapi. Meno, sawa. Filimbi ya kwanza ndiyo inanigeuzageuza. Dakika moja nasema asingeshikwa angemkaba mtoto wa mtu mwingine kesho yake. Dakika inayofuata nasema ukweli, kwamba sikuwa nawaza mtoto wa mtu, nilitaka tu aumie. Ya pili nilitaka kumwokoa, na ndiyo iliyomlaza pale.

Naogopa atakufa. Naogopa pia atapona na kuja kunitafuta. Sijui ni ipi naiogopa zaidi, na hilo nalo linanitisha.

Na sasa kuna Ciru, binti yangu. Kesho anaanza kazi bekari huko Thika. Atakuwa akitoka kukiwa bado giza, kwa njia ileile, maana ile ya kuzunguka haina hata taa. Jioni hii amekuja jikoni akaitoa filimbi kwenye msumari.

"Mum, nikishikwa huko nipulize?"

"Puliza," nikasema.

Ndipo nikamweleza yote, hata ile ya pili, ambayo sijamweleza mtu mwingine. Akaizungusha kamba ya filimbi kwenye kidole.

"Na nikitaka wawache, nafanya aje?"

Nimemwambia kesho nitamsindikiza mpaka barabarani. Na Jumamosi kwenye mkutano wa nyumba kumi nitasimama mbele ya Baba Njoro na wote waliotoka siku ile, niwaambie ile filimbi ya pili ilikuwa ya kusema acheni. Watacheka, au watakasirika. Nitasema tu.

Ciru ameshalala. Filimbi ameiweka kwenye mkoba wake wa kazi, na mimi sikumzuia. Nimerudia swali lake la kwanza mara nyingi nikiwa peke yangu hapa, polepole, nikimkumbuka yule mtu pale chini. Kila mara jibu langu ni lilelile. Puliza.