Mfano wa Mama Zaituni

Jumanne, Kansanga

Yule mwanafunzi wangu, muuza vitenge wa soko la Kikuubo, ameniudhi, na kibaya zaidi, hakukosea.

Jioni niliwafundisha watu wazima jinsi Kiingereza kinavyokisia yaliyopita: "might have" kwa huenda, "must have" kwa lazima. Nikaomba mifano.

Mama Zaituni akasema mumewe, askari aliyepotea wakati wa vita, huenda alivukia Sudan.

"Miaka yote hii, mama?" muuza vitenge akadakia. "Lazima alikufa."

Mama Zaituni hakukasirika hata kidogo.

"Sijamsomea hitima," akaniambia. "Lakini wewe mwalimu ukiandika hiyo lazima ubaoni, kesho mimi nakaa eda."

Chaki ilikuwa tayari mkononi. Nikaandika huenda, nikawaambia wote wanakili.