Sojee ya Anti Saro niliyoitupa

Jumamosi. Mvua imekatika asubuhi lakini joto limebaki palepale, nguo kwenye kamba zinagoma kukauka. Neema amelala tumbo wazi. Moyo wangu umekuwa mwepesi kidogo, ndiyo maana naandika.

Tangu Jumatano sikuweza. Nilikuwa na aibu.

Tunakaa chumba cha nyuma kwa Anti Saro, hapa Chatsworth, mtaa wa Wahindi, mbali na kwetu Kongo. Ni mama wa Kitamil, mjane, magoti yanamuuma lakini kutulia hajui. Mimi nikienda mjini kusuka kwenye saluni, yeye ndiye anabaki na Neema. Alijitolea mwenyewe, siku aliponiona narudi na mtoto mgongoni, anakohoa kwa harufu ya dawa za nywele. Anti akisema basi, sina mtu mwingine. Dada zangu wote wako nyumbani Uvira.

Kila Ijumaa Anti anawasha taa mbele ya miungu yake na kupika sojee, ile semolina tamu ya siagi, iliki na zabibu kavu. Anaiweka pale kwanza, halafu anatugawia. Ananiletea mpaka mlangoni, kwenye sahani ya karatasi. "Prasadam, mwanangu." Napokea, nasema asante Anti, nafunga mlango.

Kisha naitupa.

Naandika hivyo hivyo, sijipambi. Nimelelewa kwamba chakula kilichowekwa mbele ya sanamu hakiliwi. Niliogopa, tena zaidi kwa ajili ya mtoto. Lakini kumwambia Anti nilishindwa, nikaona heri tabasamu. Sojee nilikuwa naificha kwenye mfuko mweusi, chini kabisa, chini ya nepi.

Ijumaa ngapi? Nyingi.

Jumatano ni siku ya gari la taka. Nilitoa mfuko getini, nikarudi kumvalisha mtoto. Eish, tumbili wa hapa! Nilipotoka walikuwa wameshaupasua. Nepi huku, maganda kule, na katikati ya njia sojee yote, haijaguswa hata na kijiko. Anti Saro alikuwa amepiga yale magoti yake mabovu, anaokota kipande kwa kipande.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alisema tu, "Hii haiwekwi kwenye taka. Usipoitaka, wape ndege." Akaipeleka chini ya mlimau wake. Akamchukua Neema kama kila siku, ila hakumwimbia. Kila siku humwimbia.

Saluni nilikuwa navuta nywele za watu kwa nguvu bila kujijua. Mteja mmoja akaniuliza, "Mama Neema, unanisuka ao unanipiga?"

Jana Ijumaa nikasikia kengele yake ya maombi, nikasikia harufu ya siagi. Nikasubiri. Hakuna aliyebisha. Sikujua mtu anaweza kulilia sahani aliyokuwa anaitupa.

Leo Reena, mkwe wa Anti, alikuja kugeuza nguo kwenye kamba. Kwao wanasema Kihindi, si Kitamil, na Jumamosi anafundisha watoto hekaluni. Nikajikaza nikamuuliza: hili neno prasadam, hasa ni nini?

Akaweka beseni chini. Akasema kwao wanalikata, wanaita prasad. Watamil na Watelugu wanalivuta mwishoni. Masingasinga wanampa kila anayeingia hekaluni kwao, awe wa dini yoyote, wanakaa wote chini wanakula sawa. Akacheka: hata mama yake, watoto wakisumbua, alikuwa anasema leo mtapata prasad, maana yake kofi. Lakini zamani kabisa, kwenye Kisanskriti, halikuwa chakula. Lilikuwa kutulia. Maji yakiacha kuchafuka mpaka unaona mawe chini. Baadaye likawa uso wa Mungu uliotulia, anakuangalia kwa wema. Ndipo likawa kile anachokupa, nawe hukukilipia.

Mimi shule niliachia njiani, lakini hilo lilinifikia. Kwetu lina jina. Nikamwangalia mtoto wangu, nikalitamka jina lake kimoyomoyo.

Nikaenda jikoni kwa Anti. Nikamwambia yote: imani yangu, woga wangu, mfuko, nepi. Nikamwambia, Anti, kosa halikuwa kutokula. Kosa ni kukudanganya.

Aliacha kukata vitunguu. "Kumbe ni hivyo?"

"Ndiyo, Anti."

"Na mimi toka Jumatano silali! Chakula cha kuwapa miungu hatuonji kabla, mwanangu. Nikasema labda natia sukari vibaya miaka yote, na mtoto wa watu anaona haya kuniambia."

Nikacheka huku nalia. Yeye akasema ni vitunguu.

Halafu akafuta kisu. "Ijumaa nitapika sufuria mbili. Moja ya taa. Moja ya Neema na mama yake, hiyo haitapita mbele ya taa. Na hiyo nitaionja."

Ni mimi niliyemkosea, na yeye ndiye anaongeza kazi. Nilimwambia sufuria ya pili nitaikoroga mimi, yeye akae kwenye kiti. Amekubali, ila anasema siagi ataipima yeye, Wakongo hatuaminiki na siagi.

Alipompokea Neema mchana aliimba.

Kesho ni Jumapili. Kanisani, wakati wa kuombea watu kwa majina, nitalitaja la Anti Saro, kwa sauti. Nitaanza na magoti yake.