Chupa Ulizomtumia Baba

Samuye,
Shinyanga.
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa Cornel,

Mwangaluka! Hujambo huko machimboni? Mkeo Serafina na mtoto hawajambo? Na kifua chako, lile vumbi la karasha la kusaga mawe halikusumbui? Huku mtama tumeshavuna, ila mimi sina raha. Barua hii nampa Hamza wa basi akuletee, maana nikiongea kwenye simu Baba anasikia kila neno.

Habari yenyewe ni yake. Zile chupa za dawa ya antioksidanti ulizomtumia anazinywa asubuhi na jioni. Vidonge vya moyo alivyopewa hospitali ameviacha, eti vinamkojoza kama mtoto. Nikimsihi ananijibu, "Hizi ni jasho la mwanangu, wewe unataka nizitupe?" Jamani, Baba huyu!

Miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Analala ameketi, na ugali anauacha nusu. Nalia jikoni asinione.

Nilikwenda mjini kumuuliza daktari. Akaniambia msuli wa moyo wa Baba umeishiwa nguvu, na kila unapochoma chakula ili upige, unabaki na taka nyingi zinazoudhuru wenyewe. Ni kama jiko la kuni mbichi, moshi tele na maji hayachemki. Wauza chupa wanadai dawa yao inaufagia huo moshi. Daktari alisema mboga na matunda ale tu, lakini hizo chupa hazijathibitika kuponya moyo uliochoka, wala haziwezi kushika nafasi ya vidonge vyake. Sikulaumu, Cornel. Ulimtakia Baba uzima.

Kuna jambo hulijui. Ukipiga simu, Baba anatunyamazisha wote. Mama anamwinua, naye Baba anavuta pumzi kwanza, ndipo anapokea na kukuambia, "Mimi mzima, chimba tu mwanangu." Simu ikikatika anahema mpaka Mama anageukia ukutani. Kile kicheko cha Baba ulichokisikia kwenye simu Jumapili kilimlaza siku nzima.

Shangazi Eufrasia anakusalimu. Nisalimie Serafina, na mtoto Selestine umbebe kwa niaba yangu.

Basi usipige tena, atakudanganya. Njoo umnyang'anye hizo chupa, urudishe vidonge mkononi mwake. Anakusikiliza wewe tu. Mungu akutoe salama shimoni, akufikishe hapa Baba akingali na pumzi ya kukugombeza kwa nini umeacha kazi.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Asteria