Kisigino Kilichobaki Kigoma

Ferdi, sha,

Sikuulizi hali yako. Ukinijibu nitakimbia mpaka Buhigwe bila kugeuka nyuma, na mbio zangu unazijua. Wewe nisome kimya kimya tu, wala usinisahihishe mwandiko. Shule niliiacha darasa la sita, au shule ndiyo iliyoniacha mimi, lakini kwa barua namshinda hata karani wa kata.

Kesho msiba wako unavuliwa. Kuganduka kwenyewe ndiyo kesho. Ndugu zako wa Muyama wameshaanza kufika, pombe ya ndizi imeiva, na mama yako atatandika mkeka uani atoe vitu vyako kimoja kimoja mbele ya watu: mkasi, koti, redio, tepu ya kupimia. Na viatu.

Viatu, Ferdi. Ndiyo maana nakuandikia. 

Sheria ya kwenu unaijua kuliko mimi Muha wa Heru Juu. Kabla ya kuganduka, watu wa karibu hawachezi ngoma ya aina yoyote, na kitu cha marehemu hakivaliwi na mtu. Na mama yako alinihesabu mtu wa karibu. Siku ya tatu baada ya kukuzika alinipa ufunguo wa lile sanduku lako la bati, akanishika mkono, akasema, "Mwana wanje, vitu vya kaka yako vikae kwako mpaka siku yake." Mwana wanje, yaani mwanangu kwa lugha yenu. Alivyokuwa akikuita wewe, tangu siku hiyo akaniita mimi. Mama yangu mwenyewe huniita "wewe bwege."

Angempa mbwa ule ufunguo, mbwa asingefanya nilichofanya.

Ngoja kwanza nikupe habari za dukani hapa Kasulu, moyo utulie. Cherehani yako nzima, naipaka mafuta kila Jumamosi. Nimeshona sare za shule kumi na moja na hakuna mtoto aliyerudi akilia. Mwalimu mmoja mgeni, ametoka Tanga, nilimshonea suruali mguu mmoja ukawa mrefu. Nikamwambia ndivyo wanavyovaa Dar siku hizi. Akaondoka anatembea kwa maringo, mguu mmoja unafagia barabara. Ungekuwepo ungenipiga na rula, halafu ungecheka mpaka ukae chini.

Ile kona yako siifagii. Nyayo ulizochora kwa chaki ya kukatia nguo bado zipo sakafuni, zote. Mteja akikanyaga pale namwambia, "Pita huku, hapo pana vipimo." Nyingine zimeanza kufifia. Jana nilitaka kuzipitishia chaki upya, mkono ukagoma.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umekimbia vita Bujumbura pamoja na mama yako, huna kitu ila sindano na hivyo viatu, na mimi nikawa nashonea vifungo kwako. Ukanisimulia salsa ya kule ufukweni, watu wanavyojifunza jioni na kucheza usiku, mchanga uko pale pale mlangoni. Ukasema, "Rumba ni ya kuongea, sha. Salsa ni ya kubishana." Nikakwambia kwa kubishana mimi ni bingwa wa wilaya. Mlango tukafunga, ukanichorea hatua kwa chaki sakafuni. Betri za redio zilikuwa zimekufa, kwa hiyo ukaniweka kwenye cherehani nikanyage pedeli bila uzi, wewe ucheze juu ya mdundo wake. Halafu tunabadilishana. Takataka-takataka-takataka. Mama yako kanisani anaimba kwaya, sisi tunatoka jasho. Alikuwa hajui. Kwake dansi ilikuwa mlango wa nyuma wa jehanamu, nawe ukaniapisha nisimwambie.

Halafu ulikwenda Kigoma kununua vitambaa, ukarudi unang'aa kama sufuria mpya. Umekutana na Mkongo mmoja, watu wanamwita Papa Jeje, anafundisha salsa kila Jumamosi kwenye ukumbi ulio kando ya ziwa, na umeandikisha majina yetu mawili kwenye daftari lake. "Tukishavuna maharage tunakwenda," ukasema.

Maharage tulivuna, Ferdi. Wewe homa ilikuchukua yakiwa bado na maua.

Basi. Wiki tatu zilizopita dereva wa lori alileta salamu: Papa Jeje anahama, somo la mwisho ni Jumamosi hii. Kuganduka kwako bado. Nilikaa juu ya lile sanduku tangu mchana mpaka jua linazama, nazungusha ufunguo kidoleni. Nikajiambia: viatu ni vyake, jina ni lake, safari ni yake, mimi mbebaji tu. Uongo mtamu kama juisi ya ndizi. Nikafungua.

Mama yako nilimwambia nafuata nyuzi Kigoma. Akanifungia viazi vitamu kwenye jani la mgomba, akasema, "Usikae karibu na maji, hujui kuogelea." Viazi vile nilivipakata njia nzima, sikula hata kimoja.

Sasa nikusimulie, maana ulikuwa unataka kujua.

Ukumbi hauna ukuta upande wa ziwa. Unatoka kwenye saruji unakanyaga mchanga, hatua mbili tatu, maji hayo. Watu kama ishirini: wauza duka, watu wa bandari, wanafunzi wa chuo, na muuguzi mmoja anaitwa Dada Rehema. Mimi nikaingia na viatu vyako, ko, ko, ko, shati nimefungua vifungo viwili. Nikawaambia, msihofu, mimi ndiye ninayefundisha Kasulu.

Papa Jeje akafungua daftari kuita majina. Akaita, "Ferdinand wa Kasulu."

Ziwa linapumua kule nje.

Akaita tena. Ferdi, mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Yupo."

Sijui kwa nini. Naapa sijui. Baadaye ndipo baridi ikanipanda mgongoni: nimemwitikia marehemu kabla ya kuganduka, nimevaa viatu vyake. Kama uliitikia kweli kupitia kwangu, nisamehe. Kama hukuitikia, nisamehe zaidi.

Somo likaanza. "En, de, twa," Papa Jeje anahesabu, anagonga fimbo. Nikaingia na moto wote. Nikapigana vikumbo na watu wote waliokuwa mbele yangu, na wa kando pia. Akasimamisha muziki. "Petit, kijana wangu, ya ine ni ya kupumua. Wewe hauna mapafu?" Nikamwambia ndivyo tulivyofundishwa kwetu. Akaniambia nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Akanitazama miguu muda mrefu, kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Nani alikufundisha, masini?"

Mashine, Ferdi! Alilenga pale pale bila kujua. Pedeli haipumziki kwenye hesabu ya nne. Pedeli haipumziki kabisa. Muda wote ule tulikuwa tunacheza cherehani! Nilicheka peke yangu katikati ya watu, machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko yote. Nani mwingine ningemsimulia?

Dada Rehema alinichukua. "Kaka mwalimu wa Kasulu," akasema, "unanikanyaga kama unakanyaga udongo wa matofali." Lakini hakuniacha. Ikifika ya nne ananibana mkono nisimame. Giza lilipoingia, muziki wenyewe ukawashwa, watu wa mji wakaja, na mimi, sha, nikashika. Sikudanganyi. Ya nne unanyamaza kidogo tu, na ule unyamavu ndio unaokurusha kwenye ya tano. Pale ndipo nilipoelewa ulichokuwa unanieleza. Nikamzungusha Dada Rehema, nikajizungusha mimi, nikatoka nazunguka mpaka mchangani kama pia ya watoto.

Kisigino cha kushoto kikang'oka. Niliona kinaruka. Kilikwenda gizani upande wa maji.

Nilitafuta mpaka kulipokucha. Nilichekecha mchanga kwa vidole, nikapata vizibo, mifupa ya dagaa, kitana. Dada Rehema alinisaidia kwa tochi mpaka betri zikaisha, akasema, "Ni kisigino tu, kaka." Sikumwambia ni kisigino cha nani, nikaendelea kuchekecha.

Kasulu nikavipeleka kwa fundi viatu. Ngozi ngumu kama ile hana, akanichongea kisigino cha tairi, nikakipaka rangi ya kahawia. Kwa macho huwezi kujua. Lakini nilipovigonga viatu sakafuni, cha kulia kikalia ko, cha kushoto kikalia pu. Na mama yako, Ferdi, alikuwa akikujua kwa mlio. Kila ukirudi ulikuwa unagonga tope kwenye lile jiwe la mlangoni, ko, ko, na yeye akiwa jikoni anapakua chakula kabla hujaingia.

Tangu hapo sina raha. Mkanda wa cherehani umekatika mara mbili, nikasema ni wewe. Mtu akipita na viatu vigumu nashtuka najichoma sindano. Mama yako akinipa chakula natazama sahani. Kesho akivishika? Baba yako mdogo wa Muyama, yule mwenye sauti ya kengele, kwa desturi atauliza mbele ya wote: "Nani ana neno juu ya vitu vya marehemu?" Nikinyamaza, labda itapita. Nikisema, sitaitwa mwana wanje tena.

Naiacha kalamu hapa. 

*

Nimerudi. Ni jioni ya siku iliyofuata kuganduka. Sikia.

Baba yako mdogo aliuliza. Hata hajamaliza, miguu yangu imeshasimama. Labda ni yako. Nikasema yote: ufunguo, Kigoma, salsa, kisigino. Siri yako ya dansi nayo ikatoka, nimevunja na kile kiapo, niongezee kwenye deni. 

Kisha kengele ya baba yako mdogo ikalia. "Kijana huyu amecheza juu ya kaburi la mwenzake!" Shangazi zako wakashika vichwa. Nimetozwa mtungi wa pombe ya ndizi, na kitu chako hata kimoja sikupewa. Koti kachukua baba mdogo mwenyewe, halimfungi tumboni. Hayo yote niliyameza, mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Lakini mama yako akanishinda. Alinyoosha mkono, akasema, "Zabroni, ufunguo." Zabroni. Akachukua ufunguo, akachukua viatu, akaingia ndani.

Usiku ule watu walicheza ngoma ya kuvua msiba. Mimi nilikaa nyuma ya banda la mbuzi.

Leo wageni wameondoka. Mchana nimeketi dukani, sishoni, nangoja tu kuambiwa nifungashe vifungo vyangu niende Heru Juu. Nikasikia mlangoni: ko. Halafu: pu.

Moyo wangu ulisimama, na haikuwa ya nne.

Alikuwa mama yako, kashika kiatu kila mkono, anavigonga kwenye kizingiti. Ko. Pu. Akasema, "Huyu mmoja umemfanya bubu." Nikainamisha kichwa. Akaingia, akaviweka mezani, akasimama anaangalia kona yako. "Miaka yote nanunua soli," akasema, "mwanangu ananiambia zinaliwa na cherehani."

Nikamwambia, "Mama, cherehani nayo ilikuwemo."

Akauliza, taratibu, kama anayeulizia njia, "Alikuwa anachezaje?"

Nikamwonyesha nyayo. Akasema alidhani ni vipimo vya suruali. Akavua kandambili. Mama yako, Ferdi, mwanakwaya, kapandisha kitenge kidogo, kaweka mguu mtupu kwenye unyayo wako wa kwanza. Ulimzidi mguu vidole vinne hivi. "Haya," akasema, "na muziki?"

Betri hatuna hata leo. Nikakaa kwenye cherehani, nikatoa uzi, nikakanyaga. Nikahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Yeye anahama unyayo hadi unyayo, kashika ukingo wa meza. Ya nne nikaibana pedeli kwa nguvu, ikasimama.

Naye akasimama. Macho kafumba, miguu yote miwili ndani ya nyayo zako. Hapakuwa na sauti hata moja dukani. Sikutaka kufika ya tano. Ningeishika ile pedeli mpaka kesho.

"Endelea, mwana wanje," akasema. "Mguu unachoka."

Nikaendelea.

Alipomaliza akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema, "Kumbe ni hivyo tu?" Viatu kaondoka navyo. Amesema vitakaa kwake, na siku nikivitaka niende nikabishe hodi niombe kama mtu.

Basi, Ferdi, lala. Nakuaga vizuri sasa, mara ya kwanza niliaga vibaya, nilikuwa nimekasirika kwa nini umetangulia. Nakuahidi nitabisha hodi. Nakuahidi siku nikienda tena ziwani nitachekecha mchanga hadi maji ya magoti, na kuogelea nitajifunza kwanza, mama asiwe na neno. Na nyayo zako nitazipitishia chaki kesho asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza. Mkono hautagoma.

Mimi wako,
Zabroni, fundi, na sasa mchezaji kweli, uliza Kigoma