Turbo Niliyoifunga Mara Mbili

Laare, Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai karatasi hii itakukuta umeamka vyema, goti limepoa na baridi ya Embu imekuhurumia. Je, Bibi anakula siku hizi, au bado anaisukuma sahani na kusema chumvi imezidi? Na kule buchani, Mjomba Shabani bado anagombana na wateja wanaotaka kilo nzima bila mfupa? Mimi ni mzima wa mwili. Nikisema ni mzima wa moyo nitakuwa nimeanza barua kwa uongo, na wewe hukunilea hivyo.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Lakini Mama, simu tumeijaribu. Juzi uliponipigia nilifungua mdomo tu, ukaniambia, "Hamisi, nyamaza. Nimeshasikia yote kwa mdogo wako." Halafu ukasema lile neno. Ukasema mtu mwenye husuda hasimami mahali pa baba yake, na kwamba siku ya nikaha ya dada yetu Zuhura, mdogo wangu Twaha ndiye atakayekuwa walii wa kumwoza, mimi nije kama mgeni tu. Ukakata. Nilibaki na simu sikioni pale gereji kama mwehu, wateja wananitazama. Ndiyo maana naandika. Karatasi hata ukiikunja kwa hasira, maneno yanabaki ndani.

Tangu tumzike Baba, mtaa wetu mzima wa Majengo ulijua kwamba Zuhura akipata mume, mimi mwanao wa kwanza ndiye nitakayekaa mbele ya shehe na kumpa bwana harusi mkono. Hata kanzu nilishanunua. Imetundikwa hapa nyuma ya mlango, na kila nikiingia chumbani inanitazama. Kwa hiyo nisikilize mara hii moja, kisha uamue unavyotaka.

Twaha alikuja Laare kwa sababu yangu. Hilo hawezi kulikana. Alikuwa amekaa hapo nyumbani hana kazi, nikamwombea kwa Mwenda, huyu mnunuzi wa miraa ambaye magari yake yote nayatengeneza mimi. Mwenda ana kagari kadogo ka Kijapani, milango miwili, viti vya nyuma vimeng'olewa. Hubeba miraa ya daraja la kwanza tu, ile isiyotakiwa kunyauka hata kidogo, ikatangulia pikapu zote hadi yadi ya kule chini karibu na Meru mjini. Akampa Twaha ufunguo wa gari hilo. Mimi ndiye niliyemdhamini, mimi mtu wa Embu, ambaye hapa kwa watu bado naitwa fundi wa kuja.

Baada ya muda Mwenda akataka gari liongezewe nguvu. Lilikuwa na turbo yake ya kiwandani, ndogo, imechoka. Mama, turbo ni kidude cha chuma mfano wa konokono. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni iliyo ndani yake, na hiyo feni inasukuma hewa nyingi iingie kwenye injini, gari linapata pumzi. Inazunguka kwa kasi usiyoweza kuifikiria na inapata moto mpaka inawiva nyekundu. Kinachoiokoa ni mafuta ya injini yanayopita katikati yake.

Mimi nikapendekeza ya kadiri tu, naye Twaha akaniletea picha kwenye simu. Alikuwa ameona turbo kubwa iliyotoka kwa gari la mashindano.

"Bro, tuwekee hii. Hii ikipiga filimbi hapa, watu wa Maua wanaisikia. Hiyo yako ni kadude ka mtoto."

Nikamwambia turbo kubwa kwenye injini ndogo ni ugomvi. Inachelewa kuamka. Uko kwenye kona, unakanyaga mafuta, hakuna kitu. Halafu unapofika pabaya ndipo nguvu inakuja yote kwa mpigo. Milima hii ya Nyambene inataka nguvu ije mapema, chini kabisa, ukiwa na mzigo. Mwenda mwenyewe aliamua.

"Wewe fundi, mimi nataka gari ipande. Filimbi naweza nunua ya mwalimu wa mchezo."

Tukachagua ya saizi ya kati. Twaha alicheka na sisi, lakini sasa nafikiri hapo ndipo alipoanza kuniwekea kinyongo, kwamba nimemvunjia heshima mbele ya tajiri wake.

Niliifunga kwa mikono hii, Mama. Nilibadilisha paipu ya kupeleka mafuta, nikaweka mpya. Ile ya kurudisha mafuta niliizibua mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Gasketi zote mpya. Kabla ya kuwasha niliimiminia mafuta mle katikati, nikaizungusha injini bila kuiwasha mpaka mafuta yakafika, kwa sababu turbo ikizunguka kavu mara moja tu, imekwisha. Kisha tukaipeleka Meru mjini kwa kijana anayepanga kompyuta za magari, ili petroli ilingane na hewa iliyoongezeka. Baba alikuwa akinoa kisu kabla ya kugusa ng'ombe. Na mimi ni mwanawe.

Gari lilipokuwa tayari nilimkalisha Twaha nikamwambia jambo moja. Nikamwambia, ukitoka mbio, na hasa ukitoka kupanda, usizime injini papo hapo. Kaa. Iache ingurume polepole dakika mbili tatu, mafuta yapite, ipoe. Ukizima ikiwa nyekundu, mafuta yanasimama mle ndani na kuungua. Akaitikia, "Sawa, mwalimu," huku anacheka.

Sasa nikueleze habari ya yadi, maana kisa chote kimelala hapo. Kule yadini anayefika kwanza ndiye anayepakuliwa kwanza, na anayepakuliwa kwanza ndiye mzigo wake unaoondoka na gari la kwanza la Nairobi. Lakini gari halihesabiwi kuwa limefika mpaka lizimwe na ufunguo uwe mkononi mwa askari wa lango. Zamani madereva walikuwa wanashika foleni gari likinguruma, wakishaandikiwa nafasi wanatoroka kwenda kuongeza mzigo. Ndipo ikawekwa hiyo sheria. Na ujue lango lenyewe liko juu ya mpando, kila mtu anafika hapo injini inalia.

Nilienda naye mara moja nikaona. Alifika mbele ya pikapu moja kwa urefu wa boneti tu. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Twaha, ngoja ipoe." Askari akapiga boneti kwa kiganja.

"Kama inanguruma bado iko safari! Zima ama upishe mwingine!"

Akazima. Akarusha ufunguo. Watu wakampigia makofi, na yeye akashuka kifua mbele. Mle ndani ya boneti nilisikia vyuma vikilia tik, tik, nikajua turbo ile haina maisha marefu. Nilimwambia hapo hapo. Nikamwambia tumwombe Mwenda aongee na wenye yadi, au wewe punguza mwendo kabla ya ule mpando, iingie langoni ikiwa imepoa kidogo. Akaniuliza kama nataka awe wa pili. Akasema, "Wewe shida yako, hutaki nipigiwe makofi."

Ikaendelea hivyo kila safari. Filimbi ikageuka kuwa kilio, kilio kikageuka moshi wa bluu, na siku moja kwenye mpando mmoja mbele ya Maua ile shafti inayoshika feni ikakatika, gari likakata pumzi, na miraa ya daraja la kwanza ikanyauka kando ya barabara.

Hilo Mama ningelimsamehe, wallahi. Kijana ana tajiri nyuma yake na askari mbele yake, afanye nini? Lililonichoma ni kwamba alisimama mbele ya Mwenda, mbele ya madereva wote, akasema fundi amemfungia turbo mbovu kwa makusudi kwa sababu anamwonea wivu. Ndugu yangu wa tumbo moja! Asante ya punda ni mateke. Kisha akapanda gari kuja Embu na kukuletea wewe maneno hayo hayo, yakiwa bado ya moto.

Niliifungua turbo mbele ya Mwenda. Unakumbuka siku uliposahau mafuta ya sambusa mekoni, karai likabaki na ule weusi mgumu ambao hata jiwe halikuutoa? Ndivyo ilivyokuwa katikati yake. Mafuta yameungua yakawa makaa, njia imeziba, shafti imeliwa. Turbo mbovu haifi hivyo. Hivyo hufa iliyozimwa ikiwa na moto. Mwenda aliishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Fundi, mimi nimeona. Lakini yadi ni yadi. Siwezi ambia watu wote wangojee gari yangu ipumue."

Basi. Ameona, lakini hakusema kwa wengine. Madereva wengine wameshahamisha magari yao, wanayapeleka gereji ya ng'ambo ya barabara, na nikipita sokoni nasikia mtu akisema, "Huyo ndiye alichoma ndugu yake." Uchungu huo ningeuvumilia, maana hawa si watu wangu. Ila wewe, Mama? Wewe uliyenifundisha kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, hukuniuliza hata swali moja.

Halafu jana Mwenda ananiambia umempigia simu. Umemwomba lile gari, likamchukue Zuhura siku ya harusi, kwa kuwa lina mlio mzuri na watu wa Majengo watatoka nje kutazama. Yeye amekubali, na Twaha atakuja Alhamisi kulichukua. Kumbe namba ya tajiri unayo, Mama! Yeye umezungumza naye mpaka mwisho, mimi ukanikatia.

Nilicheka peke yangu, kisha nikafanya kazi. Mwenda ameleta turbo nyingine, saizi ile ile, nami nimeifunga leo. Usiogope. Paipu mpya, gasketi mpya, mafuta niliyamimina kabla ya kuwasha. Atakayekaa ndani ni Zuhura, dada yangu, na hata mngenifukuza kwenye ukoo nisingemfungia kitu kibovu. Barua nitampa dereva wa lori anayeshuka Embu kesho, pamoja na mfuko wa njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, maana nikimpa Twaha hutaiona.

Mimi sitakuja. Uliniambia nije kama mgeni, nami sijui kuwa mgeni katika nyumba niliyobeba mawe yake. Kanzu nitampa Twaha Alhamisi. Mabega yetu ni sawa.

Nisalimie Bibi, umwambie mjukuu wake mkubwa anamwombea ale. Nisalimie Mjomba Shabani na mkewe, na yule mama jirani aliyetunywesha uji siku za msiba. Zuhura umwambie mimi nimeridhia kwa moyo mweupe, na bwana wake namkaribisha, ingawa mkono atapewa na mwingine.

Na Twaha naye msalimie. Umpe neno moja la fundi. Mkifika msikitini na barabara ile ya kupanda, watu watashangilia na atataka kuzima ili aingie haraka. Mwambie asizime. Akae kwanza, aiache ingurume polepole, ipoe. Hicho kiti cha Baba anachokikimbilia nimeshampisha, na safari hii nyuma yake hakuna gari lingine.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Hamisi